Kipimo Kiko Wapi?

Kabla sijaondoka Nairobi, Mama alinipa kazi. Hakuniagiza manukato wala viatu. Alisema, "Mami, huko unaenda, hebu uangalie vile soko zao zimejengwa. Zile za ndani ya jengo. Uniambie kama watu wanaingia."

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mama anauza mboga kando ya barabara katika mji ambao sitautaja, na amekuwa hapo tangu nikiwa darasa la pili. Nyanya, hoho, dhania, sukuma iliyokatwa kwa wale wanaochelewa kutoka kazini. Mwaka huo walikuwa wamejengewa soko jipya: paa la buluu, ngazi pana, lango la chuma. Wauzaji wa barabarani walipewa hadi mwisho wa mwezi wahamie ndani. Nafasi za chini zilikuwa zimeisha kabla hata orodha haijabandikwa ukutani. Mama akapata namba ya ghorofa ya kwanza, na akaambiwa alete kodi ya miezi mitatu ndipo apewe ufunguo.

"Mteja hapandi ngazi kwa sababu ya dhania," aliniambia. Halafu akanyamaza, na Mama hanyamazi ovyo.

Kazi ilinipeleka Madrid kwa siku tatu, nikaongeza mbili zangu. Kwenye begi nilikuwa na kitabu kimoja tu kwa sababu ni kizito kama tofali: *Fortunata y Jacinta*, riwaya ya Benito Pérez Galdós iliyotoka mwaka 1887. Ninaisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, zaidi ya kurasa 800. Usiku wa kwanza nilifungua ramani kwenye simu nitafute soko lililo karibu, nikagundua kwamba nyumba iliyo kiini cha riwaya hiyo imewekwa Cava de San Miguel, barabara nyembamba inayopita kando ya soko la San Miguel. Kumbe nilichotumwa na Mama na nilichokuwa nasoma vilikuwa kona moja.

Basi huu ni uhakiki wa soko na wa kitabu kwa pamoja. Nitasema mapema kwamba mhakiki bora katika habari hii hakuwa mimi.

*

Tuanze na jengo, kwa sababu jengo halina makosa. San Miguel iko hatua chache kutoka Plaza Mayor, ule uwanja mkubwa ambao kila mgeni wa Madrid hupigwa picha. Nguzo zake ni za chuma, nyembamba na ndefu, na zimebeba paa pana lililonakshiwa ukingoni. Kati ya nguzo ni kioo. Ukiwa nje unaona watu walioko ndani, na walioko ndani wanajua wanaonekana.

Mahali hapo palikuwa na kanisa, San Miguel de los Octoes, ambamo mwandishi wa tamthilia Lope de Vega alibatizwa mwaka 1562. Kanisa lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Joseph Bonaparte, kakake Napoleon, alipokuwa amewekwa kuwa mfalme wa Uhispania. Uwanja uliobaki ukashikwa na wauzaji, kama uwanja wowote unavyoshikwa. Baada ya miaka mingi ya kuuza nje, juani na mvuani, mbunifu Alfonso Dubé y Díez alichora jengo la chuma kwa mtindo uliokuwa umepata sifa Paris, nalo likafunguliwa mwaka 1916. Hoja kubwa ya masoko hayo ya chuma ilikuwa usafi: nyama na samaki viondoke kwenye vumbi, vipate hewa, mwanga na maji. Madrid ilikuwa na masoko mengine ya aina hiyo. La Cebada, lililofunguliwa mwaka 1875, lilibomolewa miaka ya 1950 na kujengewa la saruji. San Miguel ndilo la chuma lililobaki.

Kubaki kwake hakukuwa kwa bahati tu. Karne ya 20 ilipokuwa ikiisha, wateja walikuwa wamehamia supamaketi na vibanda vingi ndani yake vilikuwa vinafungwa. Wawekezaji binafsi wakalichukua, wakalitengeneza, wakalifungua upya mwaka 2009 likiwa mahali pa kula na kunywa. Jengo ni lile lile, ila kazi yake imebadilishwa.

Niliingia saa saba mchana. Kulikuwa na watu wengi kiasi kwamba hutembei, unasukumwa polepole kama uko ndani ya matatu ya jioni na kondakta bado anaita. Kaunta zilikuwa zimepangwa kwa mistari: zeituni, chaza waliofunguliwa juu ya barafu, mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa yakining'inia kwato juu, wali wa samaki kwenye sahani ndogo, divai. Katikati kuna meza ndefu ambazo ukipata kona unashukuru. Kila mtu alikuwa na simu mkono mmoja na kijiti mkono wa pili.

Nami nikanunua kijiti changu. Kinaitwa gilda: zeituni, pilipili ndefu ya siki, na samaki mdogo wa chumvi aliyekunjwa katikati, ukimfikiria kama dagaa aliyelowekwa mafuta hukosei sana. Euro 3. Nilikila kwa mara mbili. Kilikuwa kitamu, na sitaki kudanganya hapo. Halafu nikapiga hesabu, kwa sababu mtoto wa muuza mboga hupiga hesabu hata akiwa likizo. Kama shilingi 450. Mafungu tisa ya nyanya. Kuna siku, kabla ya saa nne asubuhi, Mama alikuwa hajauza mafungu tisa.

Hapa ndipo insha za safari huleta rangi, harufu na kelele. Unazijua. Mwandishi anafika sokoni, viungo vinang'aa kama vito, muuzaji mzee anatabasamu, maisha ni matamu. Sisemi kwa kiburi, nimewahi kuandika moja, kuhusu soko letu la nyumbani. Mama aliisoma kwenye simu ya jirani, akaniuliza swali moja tu: mbona sikuandika bei.

Kwa hivyo safari hii sikuandika kitu. Nilipiga picha 11, nikamtumia.

*

Jibu lilikuja baada ya saa mbili, ujumbe wa sauti, nyuma yake matatu zikipiga honi. Naunukuu ulivyokuwa:

"Nimeona. Ni pasafi. Chini hakuna tope, hiyo nimependa sana. Na mataa ni mingi. Lakini mami, mbona hakuna mtu amebeba kitu? Sijaona kiondo, sijaona karatasi. Na kipimo kiko wapi? Hakuna mizani, hakuna ndoo, hakuna hata gorogoro. Sasa hao watu wanauziana aje? Hiyo si soko. Hiyo ni hoteli iko na milango mingi."

Nilicheka peke yangu barabarani. Halafu nikarudi ndani kuthibitisha, kwa sababu nilidhani ni picha zangu ndizo hazikuonyesha. Nilizunguka kaunta zote. Labda mizani zilikuwepo nyuma huko, mahali mgeni haoni. Mbele ya mteja sikuona hata moja. Vitu vilikuwa vimeshapimwa kabla ya wewe kufika: kijiti ni kijiti, sahani ni sahani, glasi ni glasi. Huna cha kubishania. Huwezi kusema ongeza kidogo. Neno "nyongeza", ambalo kwa Mama ndilo linalomrudisha mteja kesho, halina pa kukaa.

Nimesoma nadharia ya fasihi miaka minne, na sijawahi kuambiwa kwa uwazi hivyo kwamba kazi ya mhakiki ni kuuliza kipimo kiko wapi. Tunaingia kwenye kazi ya sanaa tunasifia paa. Mama hakuanza na paa. Aliangalia mikono ya watu: wamebeba nini kutoka hapa, na wanakipeleka wapi? Soko, kwa kipimo chake, ni mahali ambapo chakula kinapita kwenda nyumbani kwa mtu. Kikiishia pale pale, mahali hapo pana jina lingine.

Usiku huo nilirudi kwa Galdós nikiwa na swali hilo mkononi, na kitabu kikafunguka upya.

*

Hadithi kwa ufupi. Juanito Santa Cruz ni kijana wa familia iliyotajirika kwa biashara ya vitambaa. Jacinta ni binamu yake anayeozeshwa kwake na familia. Ni mwema, ana kila kitu, hapati mtoto. Fortunata ni msichana maskini wa Cava de San Miguel ambaye Juanito anamchukua, anamwacha, anamchukua tena, anamwacha tena. Kichwa kidogo cha riwaya kinasema ni hadithi mbili za wanawake walioolewa, na swali linaloichoma kurasa zote ni hili: kati ya hao wawili, nani mke hasa?

Juanito anamkuta Fortunata mwaka 1869 kwenye ngazi. Amekwenda kumjulia hali mzee Estupiñá, rafiki wa familia anayeishi juu kabisa ya nyumba hiyo. Kufikia ngazi lazima apite dukani, mahali ambapo kuku wanauzwa na kunyonyolewa manyoya, na mayai yamejaa. Anapanda, anamwona msichana mlangoni anakula kitu. Anamwuliza ni nini. Yai. Yai bichi, limevunjwa juu, analinyonya kwenye ganda lake, na ute unamtiririka vidoleni. Juanito anashangaa mtu anawezaje. Fortunata anamjibu kwamba ni tamu kuliko la kupikwa, na anamwuliza kama naye anataka.

Wahakiki wengi wamelipenda yai hilo. Wamelisoma kama tamaa, kama uzazi, kama umbichi wa watu wa chini. Sawa. Lakini lisome kama mtoto wa sokoni. Hilo ni yai la dukani kwa shangazi yake. Fortunata hajalinunua, amelichukua kwenye bidhaa. Ni kiamshakinywa cha mtu anayeishi juu ya biashara, kama sisi tulivyokula nyanya zilizopondeka kwa sababu zile nzima zilikuwa za wateja. Juanito hajawahi kuona chakula kikiwa hakijafika mezani. Kwake yai ni kitu kinachokuja kwenye sahani. Kwa hivyo haoni njaa wala duka, anaona maajabu. Kama angekuwa na simu angepiga picha.

Sehemu ya pili niliyorudia ni ya kuchekesha zaidi. Doña Barbarita, mamake Juanito, ana ugonjwa mmoja: kununua. Anapenda soko kuliko tamthilia. Kila asubuhi anakwenda misa, na Estupiñá, ambaye amekwisha kuzunguka sokoni tangu alfajiri, anakuja kupiga magoti karibu naye na kumnong'oneza habari katikati ya sala: samaki gani amefika, nyama ipi ni nzuri leo, nani ana bei ya kueleweka. Galdós anaandika kurasa hizo kwa furaha, na bado unaona wazi jinsi mji unavyofanya kazi. Tajiri wa juu hawezi kula bila yule wa chini. Habari ya samaki lazima ipite mdomoni mwa mtu. Barbarita, pamoja na utajiri wake wote, anamjua muuzaji wake, na muuzaji anamjua yeye na anajua udhaifu wake.

Ndicho ninachokiona kikubwa katika riwaya hii. Watu ambao mahali pengine wasingekutana wanakutanishwa na tumbo. Ngazi za Cava de San Miguel zinapandwa na wenye pesa na wasio nazo, na duka la mayai liko chini yao wote. Mapenzi, usaliti, mtoto na kifo vinapitia mlango ule ule ambao kuku wanapitia. Kitabu kina zaidi ya miaka 130, kwa hivyo nisamehewe kwa kutoboa mwisho: Fortunata anarudi kufia nyumba hiyo hiyo baada ya kujifungua, na anampa Jacinta mtoto wake. Tajiri anapata alichokosa. Maskini anatoa hata hicho.

San Miguel ya leo haiwezi kuzaa riwaya kama hiyo, na sababu ni ile ya Mama. Hakuna wa kumhitaji mwenzake. Sisi tulio mbele ya kaunta tumefika leo, kesho tunaondoka. Aliye nyuma yake ameajiriwa kwa zamu. Hatujuani na hatutajuana. Nilimwuliza dada aliyenipa kile kijiti kama huwa ananunua chakula chake humu. Alinitazama kwa sekunde, akatabasamu kwa uchovu, akaelekeza kidole nje, mbali.

*

Hapa naweza kumaliza, na wengi humalizia hapa: utalii umeua soko, ole wetu. Ingekuwa insha nzuri, na ingekuwa ya uongo nusu.

Kwanza, bila ule mradi wa 2009 sijui nani angekuwa analinda nguzo zile. Chuma kinahitaji rangi na paa linahitaji pesa, na soko lisilo na wateja halilipi kimojawapo. Wapenda kumbukumbu huja siku ya kubomoa. Siku ya kununua samaki walikuwa supamaketi kama kila mtu.

Pili, Galdós mwenyewe hakulilia soko la zamani. Duka lake la kuku lina uchafu na harufu, na kazi inayofanyika humo ni ya kuchinja. Alikuwa bado hai San Miguel ya chuma ilipofunguliwa, mzee asiyeona tena, na sidhani kama angesikitika kusikia kwamba nyama imetolewa kwenye vumbi.

Tatu, rudia ujumbe wa Mama. Kitu cha kwanza alichokisifia ni kwamba chini hakuna tope. "Hiyo nimependa sana." Mtu aliyesimama kwenye tope miaka 20 hana hamu ya tope. Sisi tunaopenda soko "halisi" ndio tunaolihitaji tope, ili picha ipendeze. Mama anataka paa. Anataka maji yapite na choo kifunguke. Tena anataka hivyo vyote bila kupoteza mteja anayeshuka matatu saa moja jioni akiwa na shilingi 100.

Na kuna jambo ambalo ninamlaumu Galdós. Katika riwaya nzima, yenye wahusika wengi kiasi kwamba unahitaji daftari, wauza mboga na mayai wanaonekana kutoka upande wa mteja. Segunda, shangaziye Fortunata, anatuchekesha, anagombana, anapiga kelele. Hatupati hata ukurasa mmoja wa kichwa chake akipiga hesabu ya siku. Wenye pesa wanamwona Fortunata kama jiwe lisilochongwa, na kila mmoja anakuja na patasi yake: mume anataka kumfanya mwanamke wa heshima, watawa wanataka atubu, mzee Feijoo anataka kumfundisha namna ya kuishi kwa akili. Galdós anajua kwamba wanakosea. Anampa Fortunata wazo lake mwenyewe, kaidi, kwamba aliyezaa ndiye mke. Lakini hata yeye hajawahi kukaa upande wa pili wa kaunta. Anajua bei za samaki kama mnunuzi anavyozijua.

Ndiyo maana kitabu na jengo vinafanana kuliko nilivyotarajia. Vyote viwili ni vizuri sana, na vyote viwili vimechorwa na mtu aliyesimama mbele ya kaunta. Nikafikiria lile soko jipya la kwetu lenye paa la buluu. Aliyelichora aliweka ngazi pana inayopendeza kwenye picha ya uzinduzi. Hakuwahi kumwuliza mtu anayeuza dhania.

*

Siku ya mwisho nilishuka kwa miguu hadi Lavapiés, mtaa wa wahamiaji, ambapo unasikia Kibengali na Kiwolofu na Kiarabu kabla hujavuka barabara mara mbili. Huko kuna soko lingine la ndani, San Fernando, kwenye barabara ya Embajadores, lililofunguliwa mwaka 1944. Halina chuma cha kupendeza. Ni la matofali, lina uzito wa miaka hiyo migumu, na ukipita haraka unaweza kudhani ni ofisi.

Ndani kuna mchanganyiko ambao sijaupatia jina. Kuna vibanda vya bia na vijana kama mimi, hilo lazima nikiri. Lakini jirani yake kuna mchinjaji, na mbele ya mchinjaji mama mmoja mwenye gari la kukokota la nguo, akionyesha kwa kidole: siyo hiyo, hiyo ingine. Mchinjaji akapima. Mama akaangalia mizani, akasema kitu. Mchinjaji akaongeza kipande. Sikuelewa neno hata moja, na nilielewa kila kitu.

Kona moja mbele nikakuta kibanda cha vitabu. Kinaitwa La Casquería, yaani duka la matumbo, na vitabu vilivyotumika vinauzwa humo kwa kilo. Nilidhani ni mzaha wa watu wa vitabu hadi nilipoiona mizani. Unachagua, unaweka juu, unalipa uzito. Nilikaa hapo muda mrefu. Sisomi Kihispania vya kutosha, lakini nilichukua kitabu chembamba cha mapishi chenye madoa ya mafuta, nikakiweka kwenye mizani kama mtu anayenunua maini. Ukizoea vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini jijini Nairobi, ambavyo bei yake hutegemea uso wako, utaona haki fulani kwenye mizani ile. Galdós na mpumbavu yeyote wanauzwa bei moja kwa kilo. Kutofautisha ni kazi yako ukishafika nyumbani.

Nilipiga picha ya mizani ya mchinjaji, ya gari la kukokota, na ya mizani ya vitabu. Nikamtumia Mama bila maelezo.

"Sasa hiyo ni soko," akajibu. Kisha, baada ya dakika kama tano: "Lakini mbona vitabu wanapima kama nyama?" Kisha: "Iko na ngazi?"

Nikamwambia kuna ngazi kidogo mlangoni, lakini vibanda vyote nilivyoviona viko chini.

"Si nilikwambia," akasema.

*

Ningependa kuwaambia kwamba picha zangu zilibadilisha kitu. Mwisho wa mwezi ulifika. Mama hakulipa kodi ya ghorofa ya kwanza. Aliongea na rafiki yake aliyepata nafasi chini, karibu na lango linaloelekea steji, wakakubaliana kugawana kibanda kimoja: mwenzake nafaka, yeye mboga. Wiki ya kwanza mauzo yalikuwa nusu ya yale ya barabarani. Wiki ya pili yakapanda kidogo. Ghorofa ya juu ni tupu mpaka leo; watoto wanaruka kamba huko wakitoka shule, na wauzaji wengine wamerudi kando ya barabara, wanakimbizwa na kurudi.

Nilipokwenda kumwona nilipeleka kile kitabu cha mapishi. Alikigeuza, akaangalia picha ya samaki, akaniuliza nilinunua pesa ngapi. Nikamwambia hakikuwa na bei, kilikuwa na gramu. Alicheka sana, akamwita mwenzake aje asikie.

Halafu mteja akaja, kijana mwenye begi la kompyuta, akataka nyanya za 50. Mama akahesabu, akafunga, kijana akawa anaondoka. Mama akamwita, akamtupia dhania juu.

"Ndiyo ujue mlango," akamwambia.